Kukizunguka Kitu: Kutoka Njia ya Misafara ya Tabora hadi Kioo cha Kompyuta

  Wenye vitabu wafungue vitabu vyao, na wasio navyo wasikilize tu. Mwisho wa somo yako maswali, nanyi mtayajadili pamoja na mwalimu wenu.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya kutazama. Tutauliza hivi: Mtu hulijuaje umbo la kitu ambacho hawezi kukiona chote kwa mara moja? Tutaanzia Tabora, kwenye njia kuu ya misafara, na tutaishia mbele ya kioo cha kompyuta, ambako fundi wa siku hizi huchora nyumba na kuigeuza huku na huku kama mfinyanzi ageuzavyo chungu chake.

Usiogope neno kompyuta. Jambo lenyewe ni la zamani, na wazee waliopita Tabora walilijua kabla ya chombo hicho kuwako.

JARIBIO LA KIBERITI

Kwanza tufanye jaribio dogo. Tafuta kiberiti, au kipande cha sabuni, au tofali.

(Kituo kifupi. Kila mwanafunzi achukue kitu chake.)

Hesabu nyuso za kiberiti. Ziko sita: ya juu, ya chini, ya mbele, ya nyuma, ya kulia na ya kushoto. Sasa kiweke mbele ya jicho lako, ukaone nyuso ngapi kwa mara moja. Kigeuze upendavyo. Utaona moja, au mbili, au tatu. Hutaona nne kamwe. Nusu ya kiberiti imejificha daima, nawe ukitaka kuiona, basi ama ukigeuze kiberiti, ama wewe mwenyewe uzunguke.

Tena, pima kiberiti hicho. Kina urefu, kina upana, na kina kimo, yaani kwenda juu. Vipimo vitatu. Lakini karatasi ina viwili tu, urefu na upana. Kila anayechora kitu juu ya karatasi hulazimika kupoteza kipimo kimoja, au kukionyesha kwa hila. Hapo ndipo shida yote ya somo letu inapoanza. Kumbuka mambo hayo mawili: kitu huficha nusu yake, na karatasi hupoteza kimo.

RAMANI YA MGUUNI

Sasa twende njiani. Katika karne ya kumi na tisa njia kubwa ya biashara ilitoka pwani, Bagamoyo, ikapita milima ya Usagara, ikafika Mpwapwa, ikakata nchi ya Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikaingia Unyamwezi. Mji wake mkuu wa katikati ulikuwa Kazeh, huko Unyanyembe, ndio Tabora ya leo. Toka pwani mpaka hapo ni karibu kilomita 800. Kutoka hapo njia iligawanyika: moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, karibu kilomita 400 zaidi, nyingine ilikwenda kaskazini.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, au kilo 32 hivi. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, kiongozi wa njia. Yeye hakuwa na karatasi wala dira. Alijua kisima kiko wapi, mtawala gani atadai hongo, mto upi hufurika masika, na wapi lazima waterekeze, yaani waondoke mchana wakiwa wamebeba maji, walale mahali pakavu, wapate kufika kwenye maji asubuhi ya pili.

Ramani ya kirangozi ilikuwa mguuni. Tena ilikuwa na kimo! Pwani ni usawa wa bahari; Tabora iko karibu mita 1,200 juu yake. Mpagazi aliyepanda Usagara na frasila mbili begani hakuhitaji mtu wa kumwambia kwamba nchi ina vipimo vitatu.

Lakini ramani ya mguuni ina upungufu wake. Mtu hujua vizuri njia aliyoipita, wala hajui kilichoko kando yake. Anajua upande mmoja wa mlima, na ng'ambo yake haijui. Sasa sikilizeni jinsi upungufu huo ulivyowapotosha wataalamu.

ZIWA MOJA LILILOKUWA MATATU

Karibu mwaka 1855 wamisionari wawili Wajerumani waliokaa karibu na Mombasa, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walitengeneza ramani ya bara. Wao wenyewe hawakufika huko. Waliwauliza wasafiri. Aliyepita njia ya kusini akasema, "Safari yetu hukoma kwenye maji makubwa." Aliyepita njia ya kati akasema vivyo hivyo. Na habari za kaskazini zilikuwa hizo hizo. Basi Erhardt akawaza: kama wote wamefika kwenye maji, maji hayo ni mamoja. Akachora ziwa moja kubwa ajabu, refu, lenye umbo kama la konokono asiye na kaka. Mwaka 1856 ramani hiyo ilikuwa mikononi mwa wanajiografia wa London, nao wakashangaa na kubishana.

Wasafiri hawakusema uongo. Kila mmoja alisema kweli juu ya upande wake. Kosa lilikuwa katika kuziunganisha habari hizo.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walitumwa kutazama. Walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne. Hapo walikaribishwa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, mtu aliyesafiri sana. Yeye aliwafumbulia kitendawili kile pale pale barazani. Alisema ziwa si moja, ni matatu: Nyasa liko kusini, la Ujiji liko magharibi, na la Ukerewe liko kaskazini, nalo ni kubwa kuliko la Ujiji.

Hapa pana kanuni ya kwanza. Ukiona picha tatu za pande tatu, usiziunge kabla ya kuuliza: Je, ni pande tatu za kitu kimoja, au ni vitu vitatu? Fundi wa kuchora hujiuliza swali hilo kila siku.

KIMO NA MAJI YANAYOCHEMKA

Burton na Speke walikwenda Ujiji, wakaliona Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858. Waliporudi Kazeh, Burton alikuwa mgonjwa, akabaki. Speke akaenda kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuchukuliwa utumwani India. Bombay alijua Kihindustani, na Speke naye alikijua, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa ulimi na sikio la mgeni wake. Tarehe 3 Agosti 1858 walisimama karibu na Mwanza ya leo, wakaliona Ziwa la Ukerewe. Speke akalipa jina la malkia wake, Victoria.

Speke alitaka kujua kimo cha nchi. Alikipimaje? Kwa sufuria na kipimajoto. Mwanafunzi, sikiliza vizuri, maana jambo hili lina faida. Pwani, maji huchemka yanapofika digrii 100 za Selsiasi. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, haiyakandamizi maji kwa nguvu, nayo huchemka mapema. Kila upandapo mita 300 hivi, joto la kuchemka hupungua karibu digrii moja. Hapa Tabora maji huchemka kwenye digrii 96 hivi. Ndiyo maana maharagwe huchukua muda mrefu zaidi kuiva huku kuliko Bagamoyo.

Basi Speke alichemsha maji na kusoma kipimajoto. Kwa ziwa la kaskazini alipata futi 3,740, na kimo chake hasa ni karibu futi 3,720. Alikaribia sana! Lakini kwa Ziwa Tanganyika walipata karibu futi 1,850 tu, na kweli yake ni kama futi 2,530, yaani mita 773. Vipimajoto vilikuwa vimeharibika njiani. Tazama jinsi kosa lilivyo dogo: haikufika digrii moja ya Selsiasi. Lakini digrii ile isiyotimia ililiteremsha ziwa zima kwa zaidi ya mita 200.

Je, lilileta madhara? Naam. Speke alisema ziwa la Ukerewe ndilo chanzo cha mto Nile. Burton alikataa, na baadaye akashikilia kwamba Tanganyika lina haki zaidi. Mwaka 1864 Samuel Baker alilifikia Ziwa Albert, ambalo maji yake huingia Nile, akalipima kimo chake futi 2,720. Kwa namba hizo, maji ya Tanganyika yangelazimika kupanda mlima ili kufika Albert. Haiwezekani. Lakini namba zote mbili zilikuwa na makosa! Kwa kweli Albert liko karibu mita 620 tu, chini ya Tanganyika. Basi kwa kimo peke yake, mtu asingeweza kusema ndiyo wala siyo.

Ugomvi huo ulikuwa mkali. Mkutano wa kubishana hadharani ulipangwa mjini Bath, Uingereza, mwezi Septemba 1864. Siku moja kabla yake Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda.

KULIZUNGUKA ZIWA

Nini kiliumaliza ugomvi? Ni kwenda upande wa pili. Speke alikuwa ameliona ziwa lake kwa upande wa kusini, na katika safari ya pili akaona sehemu za magharibi na kaskazini, hata mahali mto unapotoka. Katikati ya sehemu hizo palibaki mapengo. Wapinzani wake wakasema, "Huenda ni maziwa mengi madogo." Tazameni: ramani ya Erhardt ilifanya matatu kuwa moja, sasa wengine wakataka kulifanya moja kuwa mengi.

Mwezi Novemba 1871 David Livingstone na Henry Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi mpaka ncha ya kaskazini ya Tanganyika. Wakakuta mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Basi maji ya Tanganyika hayaendi Nile kwa njia hiyo. Mwaka 1875, kati ya Machi na Mei, Stanley alilizunguka Ziwa Victoria kwa mashua iitwayo Lady Alice, akathibitisha kwamba ni ziwa moja. Mwaka 1876 akalizunguka na Tanganyika. Mashua hiyo ilikatwa vipande, navyo vikabebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo. Majina ya mabega hayo hayakuandikwa kwenye ramani yoyote, lakini bila mabega hayo ziwa lisingezungukwa.

Hii ni kanuni ya pili: hujalijua umbo la kitu mpaka umekizunguka.

KIBANDA CHA SUSI NA CHUMA

Sasa nawasimulia juu ya watu wawili waliokileta kitu cha mbali mbele ya macho ya wengine. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, mpaka Agosti 1872, akaondoka kwenda kusini. Alikufa mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, Abdullah Susi na James Chuma pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake wakapita Unyanyembe tena, wakaufikisha Bagamoyo mwezi Februari 1874.

Mwaka huo huo Susi na Chuma walipelekwa Uingereza. Watu wakawauliza: "Kibanda alichofia kilikuwaje?" Wangeweza kueleza kwa maneno, au kuchora. Lakini walichofanya ni kukijenga upya, huko Scotland, kwenye shamba la rafiki wa marehemu, James Young. Mtu aliyekuwa maelfu ya maili mbali na Chitambo akaweza kukizunguka kibanda, kutazama mlango na kuona kimo cha paa. Wajenzi wale hawakupoteza hata kipimo kimoja kati ya vile vitatu.

Huo ndio mfano wa kitu. Na hilo ndilo lengo la kompyuta ya kuchora: kujenga mfano unaozungukika, bila miti wala nyasi.

TEMBE KWA PANDE TATU

Kabla ya kompyuta, mafundi walipataje kuonyesha vipimo vitatu kwenye karatasi? Chukua tembe, nyumba ya kale ya nchi hii, kama ile ya Kwihara ambayo leo ni makumbusho. Ukisimama mbele yake huoni ila ukuta mrefu, mlango na paa la chini. Hutajua kwamba ndani mna ua. Ukiwa juu kama ndege, ua utauona mara moja, lakini hutajua ukuta una kimo gani. Ukisimama ubavuni utaona jambo jingine tena.

Basi fundi huchora picha tatu: ya kutoka juu, ya kutoka mbele na ya kutoka ubavuni. Msomaji wa ramani huziunganisha akilini mwake. Ni kazi ngumu kwa asiyezoea, na wengi wamekubali ramani za nyumba wasizozielewa, kwa sababu waliona haya kuuliza.

KIOO CHA KOMPYUTA

Mwaka 1963, katika chuo cha MIT huko Marekani, Ivan Sutherland alitengeneza programu iitwayo Sketchpad. Mtu aliweza kuchora juu ya kioo kwa kalamu ya mwanga, na kompyuta ikaukumbuka mchoro. Mwaka huo huo mwenzake Timothy Johnson aliongeza kimo. Katika programu yake kioo kiligawanywa sehemu nne: kitu kutoka juu, kutoka mbele, kutoka ubavuni, na picha ya nne kama jicho lionavyo. Ukibadili moja, zote zinabadilika. Mpaka leo programu nyingi za kuchora hufuata mpango huo.

Kwetu Tanzania kompyuta ya kwanza ililetwa mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, kwa kazi ya hesabu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi kabla vyombo hivyo havijaenea. Wakati huo kwingineko mambo yaliendelea. Kipanya, kile kidude kinachosukumwa mezani kwa mkono, kilionyeshwa hadharani mwaka 1968 na Douglas Engelbart. Programu ya AutoCAD ilitoka mwaka 1982. Siku hizi ziko hata za bure, kama Blender, ambayo tangu mwaka 2002 kila mtu anaruhusiwa kuitumia na hata kuitengeneza upya.

Basi ukikaa mbele ya programu ya namna hiyo, mwendo ni wa aina tatu tu. Zihesabu kwa vidole.

Ya kwanza ni kuzunguka. Unabonyeza kitufe na kusukuma kipanya, nawe unaizunguka nyumba, au unapanda kuitazama kutoka juu. Hii ni safari ya Stanley ziwani.

Ya pili ni kusogea. Huzunguki, unapita tu kushoto au kulia, juu au chini, huku uso ukielekea pale pale. Ni kama abiria wa reli ya kati anayetazama nje dirishani.

Ya tatu ni kukaribia na kurudi nyuma. Unaviringisha gurudumu dogo la kipanya, na kitasa cha mlango kinajaa kiooni. Unaliviringisha kinyume, na nyumba nzima inakuwa kama punje.

Katika programu nyingine, mathalani Blender na SketchUp, kubonyeza gurudumu hilo na kusukuma ni kuzunguka. Katika AutoCAD ni kusogea. Kwa hiyo ukihamia programu mpya, uliza kwanza desturi yake, kama mgeni aulizavyo desturi ya mji.

Sasa makosa matatu ya wanaoanza.

Kosa la kwanza: mtu anataka kuona nyuma ya nyumba, lakini badala ya kuzunguka yeye anaisukuma nyumba yenyewe. Kiooni mambo hayo mawili yanafanana sana, lakini si sawa. Ukilizunguka ziwa, ziwa liko pale pale. Ukiisogeza nyumba, umeitoa katika kiwanja chake, na vipimo vyote vimeharibika. Kabla ya kusukuma chochote, jiulize: Naenda mimi, au kinaenda kitu?

Kosa la pili: kupotea. Mwanafunzi anaviringisha gurudumu, ghafula kioo kinakuwa kitupu. Amekikaribia kitu mpaka amepita ndani yake, au amekwenda mbali hata hakionekani. Au anazunguka, na nyumba inaruka nje ya kioo, kwa sababu kiini anachokizunguka kiko mbali na nyumba. Asihangaike kusukuma ovyo. Mtu aliyepotea Mgunda Mkali hakukimbia kila upande. Alirudi mahali anapopajua. Kila programu ya namna hii ina amri ya kurudi, inayoleta vitu vyote mbele ya macho. Jifunze amri hiyo kabla ya nyingine zote. Hiyo ndiyo Unyanyembe yako.

Kosa la tatu: kupima kwa macho. Simama kati ya reli mbili za Tabora, reli iliyofika hapa mwaka 1912. Ukitazama mbali utaona kama zinakutana. Hazikutani, zingekutana, gari la moshi lingeanguka. Ni jicho linalopunguza vitu vya mbali. Kompyuta inaweza kukuonyesha picha ya namna hiyo, nayo hupendeza. Lakini inaweza pia kukuonyesha picha ambamo vya mbali havipungui, na reli zinabaki sambamba. Ya kwanza ni ya kutazama. Kwa kulinganisha vipimo, tumia ya pili.

KWA NINI JAMBO HILI LIKUHUSU

Labda unasema: "Mimi si fundi wa kuchora. Yananihusu nini?"

Fikiri juu ya kamati ya ujenzi kijijini. Mgeni anakuja na picha ya shule, imechorwa kwa kompyuta, ina rangi nzuri, na bustani ya maua mbele. Kila mtu anasifu, na kura zinapigwa. Baadaye yanaonekana mambo ambayo picha haikuyaonyesha: nyuma kuna mteremko, na maji ya masika yanaelekea darasani, kimo cha ngazi hakimfai mtoto mlemavu, choo kiko upande upepo utokako. Picha haikusema uongo. Ilionyesha uso mmoja tu wa kiberiti.

Mtu aliyesoma somo hili atasimama na kusema, "Ndugu fundi, tafadhali izungushe. Tuonyeshe nyuma. Tuonyeshe kutoka juu. Mteremko wa ardhi uko wapi? Na kimo hiki mmekipima, au mmekikisia?" Maswali hayo hayahitaji cheti cha chuo. Fundi mwema atayafurahia.

Tena ujue kwamba kompyuta haioni kisichopimwa. Huko Kilwa Kisiwani, wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipima magofu kwa mashine inayotupa miali ya leza, hata msikiti wa kale ukaweza kuzungushwa kiooni. Lakini mashine hiyo haipenyi ukuta. Ilibidi iwekwe mahali hapa, kisha pale, kisha nyuma, kama msafara unaopiga kambi baada ya kambi. Isipowekwa, panabaki tundu tupu katika picha. Na Zanzibar, tangu mwaka 2016, ndege ndogo zisizo na rubani zimeruka kuvipiga visiwa picha kutoka juu ili kupata ramani mpya, nazo zilirushwa na Wazanzibari wenyewe. Ni jambo la kutia moyo. Zamani aliyeizunguka nchi alikuwa mpagazi, na aliyeweka jina kwenye ramani alikuwa mwingine. Leo mwenye nchi anaweza kushika kipanya mwenyewe.

Basi tukumbuke mambo manne. Kitu huficha nusu yake. Habari za pande mbalimbali zisiunganishwe kabla ya kuulizwa. Kimo kipimwe vizuri, maana kosa dogo hushusha ziwa zima. Na umbo la kitu hujulikana kwa kukizunguka.

Kwa leo tunaishia hapa, ndugu wasikilizaji. Someni tena sehemu ya kiberiti na sehemu ya makosa matatu. Kwaherini.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini huwezi kuona nyuso nne za kiberiti kwa mara moja? Jaribu mwenyewe, kisha mweleze mwenzako.

2. Wasafiri waliosema na Erhardt walisema kweli. Mbona ramani yake ilikuwa na kosa?

3. Kwa nini maji huchemka mapema zaidi Tabora kuliko Bagamoyo?

4. Eleza tofauti kati ya kuizunguka nyumba kiooni na kuisukuma nyumba yenyewe.

5. Chora nyumba yako kutoka juu, kutoka mbele na kutoka ubavuni. Mpe jirani yako michoro hiyo bila kusema neno, umwulize mlango wa nyuma uko wapi na paa lina kimo gani. Akishindwa kujibu, tafuteni pamoja ni kipimo gani kinachokosekana.